Mchana Nauza Tembo, Usiku Nachora Kwetu

BARUA YA MSOMAJI

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 43, mchoraji wa picha za Tingatinga, ule mtindo wa kuchora wanyama na watu kwa rangi kali, mwenye duka dogo katika kichochoro kimoja cha Mji Mkongwe, Zanzibar. Nina mke na watoto watatu, na binti yangu mkubwa yuko kidato cha tano. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo lililoninyima usingizi tangu masika yaanze. Kila nikilizungumza na watu wangu wa karibu, ama wanacheka ama wananihurumia, na mimi sitaki kimojawapo.

Nimezaliwa Tunduru. Mwaka 1998, nikiwa na miaka 16, mjomba wangu alinichukua akanipeleka Dar es Salaam, kwenye vibanda vya wachoraji pale Morogoro Stores, Oysterbay, ambako yeye alikuwa akifanya kazi tangu ujana wake. Sisi Wamakua mjomba ndiye mwenye neno, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza kama napenda kuchora. Mwaka wa kwanza nilipaka rangi ya chini na kuosha brashi kwa mafuta ya taa. Mwaka wa pili nikaanza kujaza: yeye anachora umbo la chui, mimi naweka madoa. Picha nilizomsaidia, na baadaye hata zile nilizochora peke yangu, zilitoka na jina la mjomba, nami sikuona ajabu, kwa kuwa kila mwanafunzi pale alipitia njia hiyo. Siku aliyoniambia, "Hii weka jina lako," ilikuwa mwaka 2000, picha ya kanga wawili chini ya mbuyu. Mpaka leo nakumbuka kwamba herufi ya kwanza ilitetemeka, nikaifuta kwa kitambaa na kuiandika upya.

Nilihamia Zanzibar mwaka 2011 nikafungua duka. Miaka ya mwanzo nilichora mlangoni, watalii wakisimama kutazama, na siku nyingine picha iliuzwa kabla haijakauka. Mwaka 2020 korona ilipofunga hoteli, nilifunga duka kwa miezi saba, nikaishi kwa kupaka rangi kuta za nyumba na ngalawa za watu. Nilipofungua tena niliapa kwamba familia yangu haitarudi katika hali ile. Nikaajiri vijana watatu, wao wakachora na mimi nikauza. Tangu hapo sijagusa brashi mchana. Nanunua vitambaa na rangi, nabishana na mapapasi wanaoniletea watalii kuhusu fungu lao, napiga hesabu, nafukuzana na kodi ya fremu ya duka ambayo ni shilingi 400,000 kwa mwezi. Kila picha inayotoka ina jina langu chini upande wa kulia, kwa sababu wateja na hoteli wananifahamu kwa jina hilo. Mwezi uliopita kijana wangu mdogo kuliko wote, mwenye miaka 22 na mkono ambao mimi sikuwa nao katika umri wake, aliniuliza kwa adabu kabisa, "Baba, hii ya pweza niliiwaza mwenyewe, kwa nini jina langu halimo?" Nilimjibu kwamba ndivyo kazi ilivyo.

Usiku, watoto wakilala, nachora kwetu. Nachora wanawake wakivuka Ruvuma na mizigo kichwani, korosho zikiwa zimeanikwa uani, na mjomba akiwa amekaa mlangoni na mikono yake ambayo siku hizi haitulii kwa maradhi. Katika miaka minane nimemaliza picha 14 za namna hiyo. Mwaka 2017 nilipeleka mbili kwenye maonyesho ya hoteli moja, na hakuna aliyeuliza hata bei. Hakuna anayezitaka. Zimekaa juu ya kabati chumbani.

Sasa amekuja mfanyabiashara anayepeleka bidhaa kwenye maduka ya zawadi ya hoteli. Anataka picha ndogo 150 kila mwezi kwa mwaka mzima, za aina tatu tu: tembo mbele ya Kilimanjaro, twiga wawili jua likizama, na wanawake wenye vikapu. Analipa shilingi 12,000 kwa picha, malipo kila baada ya miezi miwili, na picha zisiwe na jina la mtu. Hiyo ni shilingi 1,800,000 kwa mwezi bila kusubiri msimu. Kitambaa na rangi vinanigharimu 3,500 kwa picha ya kipimo hicho, na vijana nitawalipa 4,000 kwa picha. Akiba yangu ni milioni mbili, nilizoziweka kwa ajili ya chuo cha binti yangu.

Mke wangu anasema, "Tembo ndiye aliyelipa ada za watoto, usimdharau." Rafiki yangu wa Dar ananiambia nifunge duka, nirudi kwenye ushirika wa Tingatinga, nikae na wachoraji wenzangu. Mimi mwenyewe najiona nimekuwa karani wa picha za watu wengine. Je, bado ni mchoraji, au ni mfanyabiashara aliyewahi kuwa mchoraji? Nikisaini mkataba huu, sitakuwa nimeizika ile miaka yote?

Ni mimi,
Mchora Tembo, Unguja.

MAJIBU YA MAMA MSHAURI

Marahaba, mwanangu, na pole kwa usingizi unaokukimbia. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale ulipofuta herufi ya kwanza ya jina lako na kuiandika upya. Nitaparudia baadaye, kwa sababu naona kama barua nzima imejishikiza hapo.

Kama nimekuelewa vyema, unaniuliza kuhusu mkataba wa picha 150 kwa mwezi, lakini mkataba huo umeamsha swali lililokuwa limelala tangu ulipofungua duka upya baada ya korona: mtu ambaye riziki yake inatokana na picha, lakini mkono wake haugusi brashi mchana, ajiite nani? Umeyaunganisha mambo hayo mawili kana kwamba kusaini ni kujibu swali na kukataa ni kulijibu kinyume. Mimi nisingependa uyaunganishe haraka hivyo, maana unaweza kuukataa mkataba ukabaki karani uleule unayemlalamikia, au ukausaini ukapata saa za kuchora ambazo leo huna.

Kwanza niruhusu nikuulize kuhusu huo mpaka unaouweka kati ya mchoraji na mfanyabiashara. Ufundi wako una historia unayoijua kuliko mimi. Edward Saidi Tingatinga, ambaye naye asili yake ni Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 hapo hapo Oysterbay, akiwa mtu wa kipato kidogo aliyepitia kazi za nyumbani na kazi ya hospitali. Alitumia alichokimudu, yaani rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli na ubao wa dari. Ubao mmoja wa futi nne kwa nane ukikatwa miraba ya futi mbili unatoa vipande vinane bila kupoteza hata ukingo, na ndiyo maana picha nyingi za zamani zina kipimo kile cha mraba. Huyo alikuwa mtu anayepiga hesabu ya mali ghafi huku akimwaza ndege atakayemchora. Alichora ili auze, na waliopita pale wakanunua. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa akiwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Wanafunzi wake, ambao wa mwanzo walikuwa jamaa zake, waliendelea kwa njia ileile aliyokupitisha mjomba wako, na mwaka 1990 wakaunda ushirika ambao rafiki yako anataka uurudie.

Nakukumbusha hayo kwa sababu nahisi unakumbuka wakati ambapo ufundi huu ulikuwa safi, kisha biashara ikauingilia. Sidhani kama wakati huo uliwahi kuwepo. Hata wewe, siku ulizozieleza kwa furaha kubwa ni zile ambazo picha iliuzwa kabla haijakauka, na kuuza hakukukuumiza hata kidogo. Basi jiulize kama kinachokuumiza sasa ni biashara yenyewe, au ni kule kuondoka kwako mlangoni ulipokuwa ukichora mbele ya watu. Ukipata jibu la pili, dawa yake si lazima itoke kwenye mkataba.

Hata hivyo mkataba wenyewe upo mezani na unahitaji kutazamwa kwa macho makavu, kwa hiyo nimechukua kalamu. Umeandika shilingi 1,800,000 kwa mwezi, na hapo ndipo macho yako yalipotua. Toa gharama ya kitambaa na rangi kwa picha 150, ambayo ni 525,000; toa malipo ya vijana, 600,000; zinabaki 675,000. Ukilipa kodi ya fremu unabaki na 275,000, kabla ya umeme, usafirishaji wa mzigo na picha zitakazoharibika. Fedha hizo si za kudharau, na zina thamani ya pekee kwa mtu aliyewahi kufunga duka kwa miezi saba, lakini si milioni na laki nane. Halafu tazama muda wa malipo. Kwa miezi miwili ya mwanzo utatoa mfukoni 2,250,000 za rangi, kitambaa na vijana kabla hujapokea hata senti, na akiba yako yote ni milioni mbili. Kwa maneno mengine, chuo cha binti yako ndicho kitakachomkopesha mfanyabiashara huyo mtaji. Akichelewa kulipa mwezi mmoja, hali itakuwaje nyumbani?

Liko na jambo la mikono. Picha 150 kwa siku 26 za kazi ni karibu picha sita kila siku. Vijana wako watatu wakichora mbili mbili, nani atajaza kuta za duka lako kuanzia Juni, watalii wanapoongezeka? Nawe unajua zaidi yangu jinsi rangi ya mafuta inavyosumbua kukauka wakati wa masika, na kwamba ukiweka madoa juu ya rangi mbichi yanatambaa. Mkataba wa idadi ileile kila mwezi haujui kwamba kuna mwezi wa Aprili.

Sisemi ukatae. Mke wako ameona jambo la kweli, na nadhani anayemzungumzia ni yule mume aliyemwona akitoka asubuhi na ndoo ya rangi kwenda kupaka ngalawa za watu. Uhakika wa mapato ni kitu kikubwa kwa mwanamke anayepanga mlo wa wiki. Ninachokuomba ni kwamba usiuchukulie mkataba kama amri ya kukubaliwa au kukataliwa ilivyo. Unaweza kumwuliza mfanyabiashara kama atakubali picha 80 badala ya 150, kama atatoa malipo ya awali ya kununulia vifaa, kama miezi ya mvua inaweza kuwa na idadi ndogo, na kama mmoja wa vijana wako anaweza kupendekeza aina ya nne. Huenda akakataa yote na kwenda kwa mwingine, na hiyo ni hasara unayopaswa kuwa tayari nayo kabla ya kuuliza. Lakini pia namna atakavyokujibu itakueleza ni mtu wa kufanya naye kazi mwaka mzima au la.

Kuhusu kurudi Dar es Salaam, nahisi rafiki yako anakupenda na anakutakia wenzako wa kuzungumza nao, maana mtu anayechora peke yake usiku kwa miaka minane anakosa jicho la mwenzake. Ushirika ungekupa hilo. Ila ungekuta huko nako tembo na Kilimanjaro wanauzwa kila siku, ungehamisha watoto shule, na ungewaacha vijana watatu wanaokutegemea. Pengine ujichunguze kama unakotaka kurudi ni Oysterbay au ni kwenye umri wa miaka 18, wakati mjomba alikuwa na mikono imara na wewe hukuwa na kodi ya kulipa. Ikiwa ni wenzako unaowakosa, safari ya boti ya siku mbili kila baada ya miezi michache inaweza kukupatia sehemu yake bila kufunga kitu.

Sasa zile picha 14. Umeandika, "Hakuna anayezitaka," na umeliandika kwa uhakika wa mtu aliyejaribu sana. Lakini barua yako mwenyewe inasema kwamba umewahi kuonyesha mbili, mara moja, mwaka 2017, kwenye ukuta wa hoteli ambako wageni hupita wakielekea baharini. Nyingine 12 hazijawahi kuonwa na yeyote asiyelala nyumbani kwako. Una duka lenye kuta, mwanangu, na mpaka leo picha ya mjomba wako haijawahi kutundikwa humo. Sikulaumu, maana naielewa hofu ya kuweka kitu cha moyoni mahali ambapo mtu atakitazama kwa sekunde tatu na kuuliza bei ya sumaku ya jokofu. Huenda ukizitundika zikakaa msimu mzima bila kuuzwa, na maumivu yake yakawa makubwa kuliko ya sasa, kwa sababu sasa bado unaweza kusema hazijapata nafasi. Na ikiwa umeamua kwamba hizo ni zako na za watoto wako, si za soko, hilo nalo ni uamuzi halali kabisa. Ila uwe ni uamuzi wako, usiwe ni kabati lililoamua.

Ukifikiri kwamba miaka 43 ni umri wa kuchelewa, mkumbuke George Lilanga, msanii wa Masasi, jirani na kwenu Tunduru. Alikuwa mchonga vinyago, na alikuwa akikaribia miaka 40 alipofika Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam, ambako alianza kwa kazi ya ulinzi. Huko ndiko mashetani wake, yaani vile vinyago vya mizimu alivyovichonga kwa mpingo, walipohamia kwenye rangi, na kwa rangi ndipo dunia ilipomfahamu. Alifariki mwaka 2005. Miaka yake ya mwisho, alipokuwa mgonjwa, alifanya kazi akiwa na wasaidizi. Simleti kwako kama ahadi, maana wapo wengi waliobadili njia katika umri huo na hatuyajui majina yao. Namleta kwa sababu ya hao wasaidizi, na hapo narudi kwenye herufi iliyotetemeka.

Kijana wako wa miaka 22 alikuuliza swali, nawe ukalitengea sentensi mbili tu katika barua ndefu. Ukamjibu kwamba ndivyo kazi ilivyo. Kwa kweli ndivyo ilivyokuwa kwako pia, na karakana nyingi duniani zimefanya hivyo, kwa hiyo hukubuni dhuluma mpya. Lakini naona kwamba katika mkataba unachoomboleza ni picha zisizo na jina, ilhali picha zinazotoka dukani kwako leo zina jina la mtu ambaye hakuzichora. Je, yawezekana kwamba kinachokukosesha usingizi si mfanyabiashara huyu hata kidogo, bali ni pweza yule? Huenda ndani yako kuna mtu wa miaka 18 anayejua hasa yule kijana alikuwa akiomba nini.

Ziko njia kadhaa, na hakuna isiyo na gharama. Unaweza kuweka majina mawili, la duka na la mchoraji, na huenda mteja mmoja au wawili wakauliza mbona jina ulilozoeleka nalo limesogea. Unaweza kumruhusu kila kijana asaini picha moja aliyoiwaza mwenyewe kila mwezi, ukaitundika mlangoni. Huenda kijana huyo akapata wateja wake na siku moja akafungua duka ng'ambo ya kichochoro, kama wewe ulivyomwacha mjomba ukavuka bahari. Na ukiendelea kumnyima jina, huenda akaondoka mapema zaidi, tena akiwa na kinyongo. Ujue pia kwamba sheria za hakimiliki hulinda picha mahususi iliyobuniwa na mtu, hazilindi mtindo. Tembo na twiga kwa mtindo wa Tingatinga yeyote anaweza kuwachora, lakini pweza wa kijana wako ni jambo jingine. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003 na chombo chake cha kusimamia hakimiliki, COSOZA, na ingefaa mwende wote wawili mkaulize kabla hujasaini karatasi yoyote inayozungumzia picha na majina.

Kama kuna saa moja ya asubuhi, kabla mapapasi hawajaanza kuleta watu, ambayo unaweza kukaa tena mlangoni na brashi, ningependa kujua itakufanyia nini kwa wiki mbili. Chora chochote, hata tembo. Nauliza kwa sababu katika barua yote hukusema kwamba huwapendi tembo. Umesema tu kwamba huwachori wewe.

Na mjomba wako, ambaye kwenu ndiye mwenye neno, hukuniambia kama umemshirikisha. Mpigie simu kabla hujamjibu mfanyabiashara. Usimwulize afanye uamuzi, maana mzigo huo si wake tena. Mwulize aliona nini mwaka ule 2000 hata akakuambia, "Hii weka jina lako," na kwa nini ilikuwa ile ya kanga wawili na si iliyotangulia. Kisha niandikie alichosema, na uniambie kama kijana wako alikuwepo ukizungumza.